Kwa Nini Mtungi wa Muhogo Hukaa Nje

Zamani hizo watu wa kilima cha Nambinda walikuwa wakificha mitungi yao. Mtungi wa kuloweka muhogo mchungu ulikaa ndani, nyuma ya kitanda, umefunikwa ungo, na mgeni aliyeuchungulia alionekana hana adabu. Leo ukipanda kilima hicho unaikuta mitungi yote mbele ya milango, wazi, mbuzi wanaipita na wapita njia wanainusa. Msidhani ni uvivu wa kuingiza vyombo ndani. Kilichoitoa nje ni aibu, na aibu yenyewe ni yetu sisi wa kilimani, kwa hiyo nitaisimulia taratibu wala asinikatishe mtu.

Alikuwako mwanamke akiitwa Namkuva. Aliolewa Nambinda akitokea ng'ambo ya mto, akaja na mzigo wa vijiti vya muhogo mchungu kichwani. Watu walimcheka. Walikuwa na mtama wao na muhogo mtamu, ule wa kutafuna mbichi palepale shambani, na hawakuona sababu ya kupanda kitu cha kukunja uso. Kisha ukaja mwaka ambao nguruwe walichimbua muhogo mtamu wote. Likasimama shamba la Namkuva peke yake, maana nguruwe akionja muhogo mchungu huutema. Waliomcheka wakaja mmoja mmoja kuomba vijiti, naye akawapa bila kinyongo. Wakamfanya somo wa kilima kizima. Wakamchongea kigoda cha mpingo, na kila mwali aliyekaribia kuolewa alipelekwa kwake, akaketi chini miguuni pake, akafunzwa kumenya, kuloweka, kuanika na kutwanga.

Namkuva alifunza kama alivyofunzwa na mama yake. Muhogo ulale siku nne majini, mtungi uwe ndani, maji yamwagwe mbali. Alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini siku nne, wala si mbili au sita, akapigwa kofi la mgongo na kuambiwa, "Asiyejua maana haambiwi maana." Naye wanawali wake walipomuuliza aliwajibu vivyo hivyo, kwa ukali uleule. Msije mkadhani aliijua maana akaificha. Hakuijua, na kusema sijui akiwa juu ya kigoda cha mpingo aliona haya.

Mwaka wa tatu mvua ikagoma, njaa ikaingia kila nyumba. Asubuhi moja akaja jirani yake Nalinga, amebeba vipande vya muhogo ndani ya ungo, vingali vinachuruzika maji.

"Dada Namkuva," akasema, "nikingoja siku nne nitazika mtu. Huu umelala usiku mmoja. Haufai?"

Hapo Namkuva alikuwa na neno moja la kweli la kusema, nalo ni sijui. Lilimfika hadi kwenye meno. Lakini wanawali wawili walikuwa wameketi chini wanamtazama. Akachukua kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakinusa kama mtu anayejua anachokitafuta, akasema, "Unatosha." Akaongeza kwa utani, "Mwenye njaa hana miiko." Wanawali wakacheka, na Nalinga akaenda zake anashukuru.

Siku ile watu wote wa nyumba ya Nalinga walikula wakashiba. Baada ya kula walishikwa na kizunguzungu, wakasema ni ulevi wa shibe, kwani tumbo lilikuwa limesahau chakula. Lakini mwanawe mdogo, Mchopa, mtoto wa miaka mitatu, alianza kutapika adhuhuri. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Mtoto hafi hivihivi, watu walisema, lazima yuko mwenye mkono wake. Wakatazamana, wakamtazama Chausiku. Huyu alikuwa mke mwenza wa Nalinga, hakujaliwa mtoto, na siku ile ndiye aliyempakata Mchopa na kumlisha tonge kwa tonge. Haikutafutwa sababu nyingine. Wazee wakaamua kwamba siku ya tatu, matanga yakishaondolewa, atashuka kilima bila jembe wala chungu, na asirudi.

Namkuva alikuwa msibani na wanawake wenzake, anakoroga chungu cha waombolezaji. Chausiku alimjia mbele ya wote, akapiga magoti.

"Somo," akasema, "wewe ndiye mjuzi wa chakula hapa. Waambie. Nilimlisha kilekile tulichokula sote."

Namkuva aliendelea kukoroga. Tangu alipopata habari ya kifo, ule usiku mmoja wa kuloweka ulikuwa ukimrudiarudia, na sasa aliona macho yote yakimngoja. Uso ulimwaka moto. Akainama, akasukuma kuni ndani ya meko ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Watu wakakichukua kimya chake kuwa ushahidi. Chausiku akaondolewa pale kwa kuvutwa mkono.

Kesho yake alfajiri Namkuva alivuka mto, na jua lilipofika utosini alikuwa kwa mama yake, akamkuta anamenya muhogo kivulini.

"Mama, kwa nini siku nne?"

Mama yake hakuinua uso. "Asiyejua maana..."

"Usiniambie hivyo tena. Mtoto wa watu amekufa."

Kisu kikasimama. Bi kizee akayakung'uta maganda yaliyomjaa mapajani.

"Ulikuwa na kaka," akasema. "Kabla yako. Niliuloweka usiku mmoja, akafa. Siku mbili, akafa mtoto wa dada yangu, na mchawi akatafutwa, na mimi nikasaidia kumtafuta. Siku tatu tulitapika wote tukapona. Siku ya nne hakuumwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyoijua nne. Wewe ulipokua nikasema nitakupa hesabu tu, maiti nibaki nao mwenyewe."

"Ungenipa vyote, mama. Hesabu tupu niliiona kama miiko ya wazee, nikaitupa."

"Ningekupa vipi?" akasema mama yake. "Ungenitazama kwa macho gani?"

Namkuva alitaka kumkasirikia, akashindwa. Kila alichotaka kumwambia kilimrudia mwenyewe.

Siku ya tatu watu walikuwa wamekusanyika, na Chausiku tayari ana kifurushi chake kichwani. Namkuva akaingia nyumbani kwake, akauburuta mtungi kutoka nyuma ya kitanda hadi uwanjani, maji yakimwagika njia nzima. Akauondoa ungo kila mtu aone. Akaketi chini, mavumbini, kando ya kigoda chake, akasema, "Mchopa hakurogwa. Nalinga aliniuliza, nami sikujua, nikajitia ninajua. Juzi Chausiku aliniomba nimsemee, nikainama motoni. Ni mimi." Kisha akasimulia ya kaka yake, na ya mama yake, hadi mwisho.

Mngedhani waliamini. Hawakuamini, wala hawakutaka. Wazee walisema amelishwa kitu ili amtetee mchawi. Wanaume walisema chakula kilichowatoa njaani hakiwezi kuua. Na mgumu kuliko wote alikuwa Nalinga, aliyemtemea mate miguuni, kwani kama maneno yale ni kweli, basi chungu kilikuwa chake na mwiko ulikuwa mkononi mwake. Mchawi alikuwa afadhali.

Chausiku akasema polepole, mzigo ungali kichwani, "Lakini sote tulishikwa na kizunguzungu siku ile."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hata kwangu, nilipoupika wa siku mbili." Na mwingine akasema, "Na kwangu mtoto alitapika, nikaona aibu kusema." Na mwingine tena. Chausiku akatua mzigo wake. Hakuna aliyemwomba radhi siku ile, wala baadaye, hadi akafa. Jambo hilo huwa nalitaja kila nikisimulia, kwa kuwa ndilo tunalopenda kulisahau.

Kigoda cha mpingo kilibaki uwanjani kinanyeshewa. Miaka minane hakuna aliyempelekea Namkuva mwali, na Nalinga alikuwa akimpita njiani bila salamu. Mwaka wa tisa, asubuhi, Nalinga huyohuyo akatokea na binti yake aliyechumbiwa. Akakiokota kigoda, akakipangusa kwa kanga yake, akamkalisha binti juu yake.

"Mfunze," akasema.

Namkuva akaketi chini. Akachukua kisu. "Kwanza tunamenya..."

"La," akasema Nalinga. "Anza na Mchopa."

Namkuva alijaribu mara mbili, ulimi ukamzidi uzito. Mara ya tatu akasema yote, mama wa mtoto akiwa amesimama pale, anasikiliza, machozi yanamtoka wala hayafuti. Alipomaliza, binti aliuliza kwa nini siku nne, na hakuna aliyemkemea. Alijibiwa.

Kuanzia asubuhi hiyo hadi hii tuliyoamkia, Nambinda mtungi wa muhogo hukaa nje, bila ungo, ili siku zake zihesabiwe na wote. Mwali hukaa kigodani na somo hukaa chini. Na kabla kisu hakijagusa ganda, somo humtaja Mchopa, kisha hulitaja kosa lake mwenyewe, lile ambalo angependa kufa nalo. Asiye na la kutaja bado hajaiva kufunza.

Haya, mwali, panda kigodani, nami nikae chini. Mchopa alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Wa kwangu alikuwa wa miwili, na nitakuambia jina lake.