Hodi Moja, Milango Mitatu

Hapo zamani, katika kambi moja ya mkonge, palikuwa na mvulana aliyeitwa Mbelwa, na huyo Mbelwa alishika mkia. Siku ya kufunga shule majina yalisomwa mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na la mwisho watu hawakulingoja, walilijua. Mbelwa alirudi kwa bibi yake aliyemlea, akasema, "Tumefunga," basi.

Mwalimu mkuu akaomba watu wa kujitolea, wakae na wavulana walioshika mkia kila alasiri, wawafundishe kusoma. Posho hakuna, alisema, hata chai hakuna. Kambi nzima ikakumbuka shughuli zake. Wakaja watatu. Msiniambie walikuja kwa wema mtupu, mimi nawajua. Walikuja kwa sababu kila mmoja alikuwa na nyumba ambako mwaka ulianza na kwisha bila mtu kubisha hodi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Shekalaghe, mstaafu aliyefiwa na mkewe. Alimrudisha Mbelwa kwenye a, e, i, o, u, bila tabasamu hata moja. Mbelwa alikuwa na ugonjwa wake: akiona neno refu, alikisia. Penye mahindi alisoma maharage. Mwalimu aligonga meza kwa kidole. "Soma kilichoandikwa, si unachokitaka."

Wa pili alikuwa Bi. Mwantumu, fundi cherehani, ambaye hakujaliwa mtoto. Kidole cha Mwalimu kilipozidi, Mbelwa alitoroka akajificha katikati ya mkonge. Bi. Mwantumu alimfuata, miiba ikimchana kanga. Akatoroka tena, akamfuata tena. Mara sita alitoroka, mara sita akamfuata. Hakumgombeza. Alisema tu, "Twende, baba."

Wa tatu alikuwa Mzee Dafa, mkata mkonge wa zamani, ambaye herufi hakuijua hata moja. Watu walimcheka, wakasema kipofu kaja kumwongoza kipofu. Yeye alikaa na kusikiliza wavulana wakisoma. Siku moja alimwita Mbelwa nyumbani kwake, akafungua mkebe, akatoa barua. Binti yake aliondoka kwa ugomvi, kisha barua hii ikaja, na mzee akaona haya kumpa mtu mzima asome siri ya nyumba yake. Ilikuwa na miaka minne mkebeni.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Mbelwa akaiangalia. Maneno yalikuwa marefu, na mzee alikuwa anamtazama mdomoni. Basi akakisia. "Baba mpendwa, mimi sijambo. Nitakuja sikukuu."

Mzee Dafa akafagia uwanja. Akanunua kikombe cha pili. Sikukuu ikaja, ikapita. Nyingine ikaja, ikapita. Kila Mbelwa alipokwenda kumwamkia, alikuta kile kikombe mezani, kimefunikwa kisahani ili kisiingie vumbi.

Hapo ndipo alipoanza kusoma kweli. Hakusoma kwa ajili ya mtihani. Alitaka kujua barua ile ilisema nini. Miaka miwili alipambana na herufi, na mwisho wake akaiomba tena, akaisoma kimyakimya. Iliandikwa hivi: "Baba, anwani yangu ni hii. Usiponijibu nitajua umenifuta moyoni. Sitakuandikia tena."

Akairudisha mkebeni, akakimbilia mkongeni. Hiyo ilikuwa mara ya saba. Bi. Mwantumu akamkuta analia, akaambiwa yote.

"Twende, baba," akasema. "Ukamsomee."

Akamsomea, neno kwa neno, bila kukisia. Mzee Dafa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa umesoma vizuri." Wakaandika jibu siku hiyohiyo, kwa mkono wa Mbelwa. Barua ikarudi baada ya mwezi, na mtu kaandika juu ya bahasha: Amehama tangu mwaka jana. Nanyi kumbukeni, Mbelwa alikisia kabla ya mwaka huo.

Mzee hakulisema neno hilo, wala Mbelwa. Lakini wote wawili walijua kuhesabu miaka.

Basi Mbelwa akafaulu, akachaguliwa shule ya bweni, mbali. Wakati huo bibi yake alikuwa ameshazikwa. Na desturi ya shule ya kambi siku ya kuagana ilikuwa hii: mwanafunzi aliyefaulu hukabidhi shada lake la karatasi kwa mtu mmoja amvishe, na huyo ndiye huandikwa mzazi, na likizo kijana hufikia kwake.

Siku ilipofika, Mwalimu Shekalaghe akasimama. "Isingekuwa mimi, angekisia mpaka leo. Kila herufi aliyo nayo ni yangu."

Bi. Mwantumu akasimama. "Herufi zako zingeozea mkongeni, Mwalimu. Mara saba alikimbia, mara saba nilimfuata. Mzazi ni nani, kama si anayekufuata?"

Mzee Dafa hakusimama mpaka watu walipomsukuma. "Mimi sikumfundisha, wala sikumfuata," akasema. "Nilimpa barua asome. Nilikuwa nayo moja tu, na imekwisha."

Mwalimu akamuuliza, bila ubaya, "Na akikuandikia kutoka shuleni, mzee mwenzangu, nani atakusomea?"

"Nitamngoja aje mwenyewe anisomee. Kungoja nakujua."

Mbelwa alikuwa na shada mkononi, karatasi zake zinamwagika, na watatu wale hawakumtazama, kwa kuogopa kumlazimisha.

Ninyi mnaosikiliza, msiharakishe. Mwalimu amekwisha kumtengea rafu ya vitabu. Bi. Mwantumu ameshamshonea shuka. Mzee Dafa hajanunua kitu, ila kile kikombe bado kipo mezani na kisahani juu yake. Likizo itafika, na kijana atabisha hodi mahali pamoja, na milango miwili itabaki kimya kama zamani.

Je, nani kati yao alistahili hodi ile?