Ushanga wa Elfu

Hapo zamani, siku ambazo mtu akitaka kwenda mbali hana budi aiombe miguu yake kwanza, palikuwa na Sultani Muhsini katika mji wa Mjangale. Sultani huyu alikuwa na duka kubwa linalouza chumvi, sukari, kitambaa na mafuta ya ufuta, na hakupenda kabisa mtu akanunue kwingine. Basi akapiga mbiu: kila anunuaye kitu katika duka la Sultani atapewa ushanga mmoja mwekundu, na atakayetimiza shanga elfu atachukuliwa kwa machela ya Sultani mpaka mji autakao. Atapigiwa siwa, baragumu la kifalme, mlangoni pa jumba, atarushiwa marashi, atapewa sahani ya pilau kabla ya kupanda na sahani nyingine akishashuka, na yote hayo ni juu ya Sultani.

Watu wakafurahi. Mimi ningekuwapo nisingefurahi, maana sijapata kuona tajiri anagawa kitu bila kushika ncha ya pili. Na kweli, mbiu ilikuwa na mkia wake: ushanga usiotumika hufa Siku ya Mwaka, ukabaki wa kuchezea watoto. Sasa mtu atimizeje elfu ndani ya mwaka mmoja, labda awe anakula chumvi kwa upawa? Ikawa miaka mitatu yapita na machela imekaa tu ukumbini, wala hakuna aliyeilalia ila paka wa waziri.

Katika mtaa wa Chokaani alikuwako mjane jina lake Bi Hidaya, mwenye mguu mbovu tangu alipoteleza kisimani. Binti yake wa pekee, Mwanatumu, alikuwa ameolewa Vumbini, mwendo wa kutwa nzima, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Na desturi yao, mzazi wa kwanza hukaa arubaini na mamaye. Mama ndiye amkandaye, ampikiaye uji wa pilipili manga, na kumfunza namna ya kumshika mtoto asimwangushe. Bi Hidaya hakuweza kufika hata sokoni bila kupumzika mara kumi njiani. Akawa akilia jikoni kila asubuhi, na akiulizwa anasingizia moshi.

Jirani yake alikuwa Pandu, aliyepewa jina la Kiroboto kwa kuwa saa za chakula hurukaruka nyumba hata nyumba. Hakuwa na kitu duniani ila kanzu moja isiyo na mfuko, na ushanga mmoja aliopewa siku aliyonunua sindano ya kuishonea kanzu hiyo.

"Mama," akasema Pandu, "moshi gani huu, na jiko halijawashwa?"

Bi Hidaya akamweleza. Pandu akasikitika sana, hata akasahau kuuliza kilichopikwa. Akachukua kikapu, akapita mlango kwa mlango akisema, "Jamani, keshokutwa ni Siku ya Mwaka. Shanga zenu zitakufa bure. Mpeni Bi Hidaya akamwone mwanawe." Huyu akatoa tano, yule ishirini, Mwanakombo wa maandazi akatoa tatu alizozificha chini ya mtungi. Watu tisini na wawili walitoa, na Pandu alipotia ushanga wake, zikatimia elfu.

Basi Pandu na Bi Hidaya wakaenda barazani kwa Sultani. Waziri Badawi akachungulia kikapu, akakunja uso.

"Maulana, hizi ni shanga za watu wengi. Ushanga hauhami mkono. Tukiwaacha wachange, kesho mji mzima utataka kusafiri."

Sultani akasema, "Waziri amenena. Kila mtu atachukuliwa kwa shanga zake mwenyewe, si za jirani."

Pandu akainama mpaka kanzu ikatatuka mgongoni. "Tumesikia, maulana. Nami nitawaambia watu kuwa ushanga wangu huu mmoja, niliopewa katika duka lako, hauna thamani."

Neno lile likamchoma Sultani, maana alikuwa mwenye kujiona. "Nani asema hauna thamani? Kila ushanga wangu una thamani yake. Mwenye shanga chache atachukuliwa kwa kadiri ya shanga zake, hata awe na mmoja. Neno langu halirudi."

"Na siwa, na marashi, na pilau?"

"Kama mbiu ilivyosema," akajibu Sultani, naye keshachoka.

Bi Hidaya akarudi nyumbani akiegemea mkongojo, akilia bila kusingizia kitu. Pandu akamwambia, "Mama, funga mizigo yako." Kisha akapita tena mlango kwa mlango, akamrudishia kila mtu shanga zake.

Asubuhi yake mtaa wa Chokaani ukajipanga mlangoni pa jumba, kila mtu na shanga zake mkononi. Mkadiriaji njia akapiga hesabu, akasema safari ya kwenda Vumbini ukiigawa mara elfu, ushanga mmoja ni hatua arubaini. Pandu akatangulia. Siwa ikalia, akarushiwa marashi, akaletewa sahani ya pilau. Kwa kuwa kanzu haina mfuko, akautia ushanga shavuni ili mkono uwe huru kula. Akapanda machela, wachukuzi wakaenda hatua arubaini, wakamtua mbele ya kinyozi, akaletewa sahani ya pili. Karani wa shanga akaona haya kumdai mtu anayetafuna.

Wachukuzi wakarudi. Siwa ikalia tena. Mwanakombo akala, akapanda, akaenda hatua mia na ishirini, akashuka, akala. Siwa ikalia. Akaja mwashi mwenye shanga tano, kisha kungwi mwenye kumi na mbili, kisha mzee mmoja aliyetaka achukuliwe kinyumenyume, kwani mbiu haikukataza.

Kufika adhuhuri mpishi alikuwa amekwangua sufuria, mpiga siwa mashavu yamemvimba, na Sultani, aliyezoea kulala saa hizo, alikuwa hajafumba jicho. Akatoka nje, kilemba kimeenda upande.

"Wamekwenda wangapi?"

"Kumi na tisa, maulana," akasema waziri kwa sauti ndogo. "Wamebaki sabini na wanne. Na shanga zinakufa kesho, kwa hiyo ni lazima wote wapande leo."

Sultani akakaa kwenye kizingiti kama mtu aliyefiwa. "Enyi watu, mna wazimu? Kwa nini hamzichanganyi shanga zenu mkampa mmoja, akaenda zake, nasi tukapumzika?"

Pandu akasema, "Maulana, tungethubutuje? Ushanga hauhami mkono."

"Uhame!" akapiga kelele Sultani. "Uhame tangu leo, na zilizokwisha kutumika nazirudisha. Tieni zote kikapuni."

Zikatiwa, zikahesabiwa. Waziri akainua kichwa akitabasamu. "Mia tisa na tisini na tisa. Umepungua mmoja."

Watu wote wakamtazama Pandu. Pandu akatafuta shavu la kulia kwa ulimi, akatafuta la kushoto, kisha akashika tumbo. "Nadhani umekwenda na sahani ya pili," akasema. Hakuna aliyecheka. Bi Hidaya alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, ameshika kikopo cha pilipili manga, anatazama njia ya Vumbini.

Sultani akamwona. Kwa mara ya kwanza siku ile akauliza mama huyu anakwenda wapi, akaambiwa. Basi akainuka, akavuka njia, akaingia katika duka lake ambalo hajapata kulikanyaga. Akanunua sindano. Akatoka na ushanga mmoja mwekundu, akautia kikapuni kwa mkono wake.

"Sasa na mimi nimo," akasema. Akamwamuru waziri aikung'ute machela manyoya ya paka, na Bi Hidaya akapanda. Siwa ililia kwa shida, lakini ililia.

Bi Hidaya akafika usiku wa manane, akamkuta Mwanatumu ameshikwa na uchungu. Arubaini ilipotimia, machela ya Sultani ikaenda kumrudisha, naye akaleta sinia ya halua ya Vumbini, akaigawa sehemu elfu, kila mtu kwa kadiri ya shanga zake. Pandu alipodai sehemu yake, waziri akamwambia, "Ushanga wako umo tumboni mwako." Pandu akajibu, "Basi nipeni halua iufuate."

Sehemu ya Sultani ilikuwa ndogo hata haikushikika kwa vidole. Akaidunga kwa ile sindano yake, akaila, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaulizia jina la mtoto.