Nazi Moja ya Mnyange

Hapo zamani, minazi ilipokuwa haijulikani kisiwani Mnyange, palikuwa na mjane mmoja, Mize, asiyejua kukaa kitako. Mtoto hakujaaliwa.

Siku moja shemeji yake Vuai aliona kitu kikielea baharini, akajitosa kwenye wimbi, akatoka na dude lenye manyuzi. "Kuni," akasema. Mize akalitikisa, maji yakacheza ndani. "Kuni gani zina maji, shemeji? Nipe mimi."

Akalifukia mpakani, kati ya ua wake na wa jirani yake Kidawa. Asubuhi achungulie, mchana achungulie, jioni achungulie. Uvumilivu ukamwisha, akalifukua, akachana kumbi: macho matatu, mawili magumu, la tatu limetoa chipukizi. Akarudisha mchanga mbio.

Mbuzi wakaja. Kidawa akazungushia miiba. Alipojifungua, akazika kitovu cha mwanawe pale shinani, na ada yao ni hiyo: palipo kitovu chako, mti ni wako. Mize roho ilimuuma sana.

Mnazi ukarefuka, ukazaa. Vidaka, zile nazi changa, vikapukutika, ikabaki nazi moja tu, ikakomaa. Mize hakuweza kungoja zaidi. "Shemeji, panda ukate kilele. Mbona mkwaju ukikatwa hutoa matawi tele?" Kidawa akatoa panga lake mwenyewe. Vuai akapanda, akakata, kilele kikaanguka na nazi yake.

Kumbe mnazi hauna kilele cha pili. Ukakauka umesimama. Majuto ni mjukuu, na Mize, asiye na mtoto, mjukuu huyo alimpata.

Nazi ile aliikumbatia, na wenzake wawili wakamjia kuidai.

"Nisingejitosa, ingepita zake," alisema Vuai. "Ipandwe kwangu."

"Ungeichoma, wewe," alisema Kidawa. "Da Mize, nisamehe, kitovu cha mwanangu kipo pale. Mti wake umekufa, na hiyo ndiyo mbegu yake."

"Wewe una mwana," alisema Mize. "Mimi nina hii. Ni mimi niliyesikia maji yake."

"Na ni wewe uliyesema kilele kikatwe," alijibu Vuai.

 Mize akaitikisa nazi: maji yamepungua, hayachezi kama jana. Kwenye kumbi, ncha nyeupe imechomoza, inataka ardhi, haitaki kesi.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, semeni upesi, inakauka: ichimbwe ardhi ya nani? Je, nani alistahili nazi ile?