Uji wa Mama Mkwe

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo, tutarudi kwenye somo. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, na leo nataka mnisaidie kulichunguza.

Kulikuwa na mama mmoja, mwimbaji wa kwaya. Tumwite Mama Subilaga. Nimepitia daftari la washarika na humu ndani hakuna mwenye jina hilo, kwa hiyo asiwepo mtu wa kugeuka nyuma kumtafuta. Mama huyu aliimba sauti ya kwanza. Akianzisha wimbo, hata wale wanaosinzia kipindi cha matangazo, nanyi mnajijua, walifumbua macho. Mume wake alikuwa dereva wa lori, wiki nyingi yuko safarini, na nyumbani aliishi na mama mkwe wake.

Mwaka mmoja mama huyu akaanza kunenepa. Sikatai, watu hunenepa. Wengine wetu tumenenepa na tunajua kabisa ni chapati ngapi zilizohusika. Lakini yeye alinenepa huku anapunguza chakula. Aliacha wali. Akaacha chapati. Soda akaisahau ladha yake. Jioni akawa anakula mchicha na kipande cha ndizi ya kuchemsha, basi, analala. Asubuhi sketi haifungi. Nawauliza nyinyi mliokaa pale nyuma: uzito ule ulikuwa unatoka wapi?

Najua mnachofikiri, maana ndicho walichofikiri na wenzake. Siku fundi alipokuja kupima sare mpya za kwaya, alimpima mama huyu mara mbili, akidhani tepu imeteleza. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo anakula jikoni, milango ikiwa imefungwa." Mama Subilaga alisikia. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake.

Na haukuwa uzito tu. Jua la saa saba linawaka, yeye kavaa sweta mbili. Saa nne asubuhi haijafika, kachoka kama aliyelima ekari nzima. Uso umevimba. Na ile sauti, jamani, ile sauti ikawa nzito na ya kukwaruza. Mwalimu wa kwaya akamwita pembeni.

"Mama Subilaga, kwa sasa simama mstari wa nyuma, uimbe sauti ya pili."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka tutakapoona."

Akaenda nyuma. Na iliuma, nisiwafiche. Kuimba ndiko kulikompa mama yule raha ya kuamka Jumapili. Mnaweza kumnyima mtu mkate akavumilia, lakini huyu walimnyima kile kilichokuwa kinamlisha moyo.

Mchungaji wake je, alifanya nini? Alimwita mbele, akamwekea mikono, akakemea roho ya ulafi. Hebu fikirieni. Mtu anayeshinda na njaa anakemewa ulafi, na washarika wanaitikia.

Mwishowe akaenda hospitali, wakampima damu. Wakakuta ile tezi ya shingoni imelegea katika kazi yake. Gusa hapo, chini kidogo ya koo, hata wewe unayo. Ndiyo inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikilegea, mwili mzima unakwenda polepole: joto linapungua, nguvu zinapungua, maji yanabaki mwilini, mtu anavimba, hata sauti inabadilika. Kumbe haikuwa roho ya ulafi. Ilikuwa tezi.

Wakampa vidonge vidogo sana, kimoja kila asubuhi, maisha yote. Juu ya bahasha wakaandika "1x1 asubuhi". Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, na hakuna aliyeongeza neno. Mama akarudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Ilikuwa Oktoba, na alishaanza kuhesabu miezi ya kufika Pasaka, arudi mstari wa mbele.

Miezi miwili ikapita. Hakuna kitu. Daktari akaongeza dozi. Miwili mingine ikapita. Sweta mbili, sauti ileile, sketi ileile haifungi. Dozi ikaongezwa tena. Sasa hapo ndipo mimi nilipovutwa na habari hii. Dawa ni ya kweli. Mgonjwa anameza, haruki hata siku moja. Chakula amepunguza mpaka amekonda roho. Na bado ugonjwa umekaa palepale, umekunja miguu. Kitu gani kilikuwa kinaendelea katika nyumba ile?

Wiki moja kabla ya Pasaka akarudi kliniki, safari hii kasindikizwa na mama mkwe. Daktari akaangalia majibu ya damu, akayaweka mezani.

"Mama, vidonge humezi."

"Nameza, daktari."

"Damu haisemi hivyo. Ukitudanganya, tutakusaidiaje?"

Mama Subilaga akainama. Machozi yakaanza kumdondokea mapajani. Akasema, "Basi, daktari. Nimechoka kuambiwa muongo. Kwenye kwaya muongo, kanisani muongo, na hapa pia. Vidonge nitaviacha, na kwaya nitaiacha."

Mama mkwe hakuweza kuvumilia. Akasimama, na kanga yake ikaanguka asiiokote.

"Daktari, mwanangu, usimwonee mtoto wa watu. Huyu anameza mbele ya macho yangu haya. Kila siku saa kumi na moja alfajiri mimi mwenyewe nawasha moto, namkorogea uji, anamezea ukiwa wa moto. Nyumbani kwangu mtu hamezi dawa tumbo tupu."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Uji gani, bibi?"

"Uji wa lishe. Soya, ulezi, karanga. Na maziwa naweka mengi, nisifiche, maana hizi dawa zenu zinachoma utumbo."

Daktari akavuta kiti karibu nao. Halafu akawaeleza taratibu kwamba kidonge hicho kinataka tumbo tupu na maji matupu. Mtu akishameza, asubiri nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi, ndipo ale. Na soya na maziwa ndivyo hasa vinavyokizuia kisiingie mwilini, kwa hiyo vikae mbali nacho kwa saa kadhaa. Miezi yote sita ile, sehemu kubwa ya dawa ilikuwa inapita tu.

"Kosa ni langu," daktari akasema. "Kila mara nilimuuliza anakula nini. Sikumuuliza hata mara moja anameza na nini."

Bibi akakaa. Akaokota kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Washarika, ndiye yeye. Ndiye huyohuyo aliyemtetea. Katika nyumba ile, mtu aliyempenda mama yule kuliko wote ndiye aliyekuwa anamnyang'anya dawa mdomoni, kila alfajiri, kwa kikombe chake mwenyewe. Na alikuwa mwaminifu. Angekuwa mvivu, akalala mpaka jua lichomoze, mkwe wake angeshapona kabla ya Krismasi.

Kesho yake bibi aliamka saa ileile. Akaleta maji. Maji matupu kwenye kikombe, basi. Mama Subilaga akameza. Bibi akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani, macho kwenye saa ya ukutani, na jikoni moto haujawashwa.

"Mama, bado dakika ngapi?"

"Ishirini. Na usinisemeshe, nateseka kuliko wewe."

Pasaka aliimbia mstari wa nyuma, hilo lazima niliseme. Lakini alipopimwa tena wiki sita baadaye, damu ilikuwa sawa. Sweta zilishavuliwa. Kilo zikapungua, si nyingi. Chapati bado ilibidi azichunge kama sisi wengine, na fundi hakuitwa kupunguza sare. Ila sauti ilirudi, kidogo kidogo, na Pentekoste mwalimu wa kwaya akamwonyesha mstari wa mbele kwa mkono, bila neno. Mwalimu naye aliona haya.

Haya. Mlikuwa mnasubiri nianze kuwakemea wale walionong'ona wakati wa kupima sare. Leo siwagusi. Hao wanajijua, na nitawarudia siku nyingine. Nimekuja kwako wewe unayeamka saa kumi na moja. Wewe mwenye huruma, unayejitoa, unayesema nyumbani kwangu hakuna hiki na hakuna kile. Nimewaona mnatikisa vichwa mkimhurumia bibi. Bibi ndiye sisi.

Kijana wako anafeli hesabu, umemwongezea masomo ya jioni na umemfungia mpira wake kabatini. Umemuuliza kama kule anakokaa darasani anauona ubao? Mke wako amenyamaza mwezi mzima, umemnunulia kitenge. Kizuri, nimekiona. Umemuuliza? Jirani yetu mmoja hakuonekana ibadani tangu Januari, tukamtumia wajumbe wanne kwenda kumwonya. Wanne. Walikaa saa nzima sebuleni kwake, wakamwombea, wakanywa chai yake, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyekuwa anakohoa chumba cha pili.

Tunapenda sana kuleta. Tunaleta uji, tunaleta ushauri, tunaleta mistari ya Biblia, tena ikiwa ya moto. Na mwenzetu anapokea kwa adabu, anameza, na anazidi kuumwa mbele ya macho yetu. Asipopona, tunasema hana imani.

Na yule mchungaji aliyekemea ulafi? Msinitazame hivyo. Mfano huu nimeutunga mimi, na nilipofika kwake sikuhitaji kubuni sana. Yule mjumbe wa nne aliyekunywa chai na kuondoka nilikuwa mimi.

Kwa hiyo leo mchana nitarudi kwa jirani yule, peke yangu, mikono mitupu. Na wewe, ukifika nyumbani, kabla hujamwonya mtu wako, kabla hujamwombea, kabla hujawasha moto wa uji, muulize kwanza. Kisha ukae kwenye kigoda na usubiri, hata ikiwa nusu saa, mpaka amalize kujibu.

Tusimame. Sauti ya kwanza, tuanzishieni wimbo.