Mkwaju wa Wapagazi na Jiwe la Jina Moja

Hapo zamani, vita vya wenyewe vilipokwisha kuwala wasio wenyewe, mji wa Kibokwani uliwahesabu wapagazi wake waliotwaliwa kubeba mizigo ya askari. Walikwenda sitini, wakarudi tisa. Liwali Muhsini, ambaye vita vyote alivipigana barazani kwake, akaamuru upandwe mti wa ukumbusho. Kwani jiwe, alisema, ni maiti, na mti u hai. Akaja na mwavuli, akaja na matarumbeta, akaja na mche ulioletwa na meli kutoka mbali. Akatia koleo mara moja, akafuta jasho mara tatu, akaenda zake.

Bi Mwanaheri alisimama nyuma ya umati. Mumewe, Shaibu, alifia safarini bila sanda wala kaburi. Ada ya mji ilikuwa kuchomeka tawi bichi kichwani pa kaburi, limsabihi Mola kwa ajili ya maiti maadamu halijakauka. Yeye hakuwa na pa kulichomeka. Akaufanya mche ule kuwa tawi la mumewe.

Siku ya arobaini alikwenda na kata ya maji, akaukuta mkavu kama ufito. Ilikuwa adhuhuri, watu wamo msikitini. Akaung'oa, akapanda mahali pake mche wa mkwaju uliojiotea nyuma ya jiko lake, akanyamaza.

"Tazameni baraka za mkono wa Liwali!" mji ukasema. "Umefufuka na majani mapya!"

"Amin," akaitikia Bi Mwanaheri.

Miaka saba ikapita, mkwaju ukatoa kivuli. Ndipo Liwali, yule aliyeliita jiwe maiti, akaagiza jiwe liwekwe chini yake. Likavunjika njiani, likabaki kipande chenye nafasi ya jina moja. Kadhi akawaita wenye hoja.

"Hoja gani, Sheikh?" akasema Liwali. "Shimo nililichimba mimi. Pasipo shimo hapana mti. Iandikwe: Muhsini."

"Shimo lako lilikuwa kaburi la mti wako, Bwana Liwali," akasema Bi Mwanaheri, akijua kwamba anakiri udanganyifu wa miaka saba. "Huu ni wangu. Naomba jina la Shaibu, nipate pa kumsomea Fatiha."

Watu wakacheka. "Kumbe tulivua kofia kwa mti wa jikoni!"

Akainuka Masudi, mmoja wa wale tisa, aliyeheshimiwa na mji mzima kwa kuwa katika kundi lake hakurudi mwingine. "Shimo la Liwali, mche wa Bi Mwanaheri. Na mbuzi walioutafuna ukabaki kijiti, walikuwa wa nani?"

Liwali akakohoa.

"Aliyeuzungushia miiba ni mimi. Aliyeuchotea maji viangazi viwili, mama huyu akiwa kitandani na homa, ni mimi. Nataka jina la ndugu yangu, Hamdani."

"Hamdani mtoro? Laanatullahi!" watu wakamlaani.

"Mtoro ni mimi. Nilitupa mzigo siku ya pili, nikaingia kichakani. Nikamwona Hamdani akipita na mizigo miwili, wake na wangu. Hakurudi. Niliporudi mimi, nilijivika heshima yake, nikamvika yeye aibu yangu."

Bi Mwanaheri alimpelekea mtu huyu uji kila Ijumaa, kwa neno moja tu alilomletea kutoka vitani. "Masudi mwanangu," akasema taratibu, "uliniambia Shaibu alikata roho akilitaja jina langu."

Masudi akainama.

Kadhi akafunua kitabu, akakifunga, akakumbuka kwamba hajatawadha. Fundi akabaki na patasi mkononi.

Haya, enyi mnaosikiliza: Liwali alianza, na hakuna aliyemzuia. Bi Mwanaheri aliotesha, na akadanganya kwa kunyamaza. Masudi alilinda, na akadanganya kwa kusema. Je, ni jina la nani lililostahili jiwe? Na mkisha kuamua, ni nani kati yenu atakayekwenda kumwambia Bi Mwanaheri?