Insha ya Kiranja

Kila Ijumaa wanafunzi wa darasa la tano walisoma insha zao mbele ya wenzao, na kila Alhamisi kiranja Masanja, pande la mtoto, alimwandama Siwema.

"Niandikie. Ukikataa, nakuandika mpiga kelele."

"Nitakuandikia, kiranja," alisema Siwema kwa upole. "Ila usiisome kabla, utamu utaisha."

Ijumaa Masanja alisimama akasoma kwa majidai, maneno yakimtoka kabla akili haijafika: "Mimi siandiki insha. Siwema huniandikia kwa kuniogopa, na hii pia kaiandika yeye."

Mwalimu Kezia akavua miwani. "Masanja, nani kaiandika hii?"

"Mimi, mwalimu."

"Basi umekiri mwenyewe."

"Si mimi, mwalimu. Ni Siwema."

"Basi insha inasema kweli."