Kipumulio cha Manjano

Wapendwa, najua wengi wenu bahari mnaijua kwa kulowesha miguu tu. Nivumilieni, maana leo nawapeleka chini kabisa.

Kulikuwa na fundi umeme mmoja aliyejifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Alijifunza pamoja na shemeji yake, mdogo wa mke wake, kwa vifaa vya kuazima vya mwalimu wao. Walipofaulu, fundi hakutaka tena cha kuazima. Alitaka vyake. Na tangu siku hiyo hakukalika naye. Anakula huku anatazama kwenye simu mapezi ya kuvaa miguuni. Mkewe akimwuliza habari ya bomba linalovuja, yeye anajibu habari ya jaketi la kuelea. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msitazamane, kila mmoja ajitazame mwenyewe.

Siku ya kununua alifika dukani mlango bado umefungwa. Ulipofunguliwa, akajaribu miwani moja baada ya nyingine, akiibana usoni na kuvuta hewa kwa pua aone kama inashika. Nyeusi akaipenda, akairudisha, akaiomba tena. Jaketi akalivaa na kujigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi. Mwishowe fedha ikabaki ya kitu kimoja, na mbele yake vitu viwili: tochi ya majini, na kipumulio cha pili, kile cha manjano. Maana mpiga mbizi huuma kipumulio kimoja mdomoni, na kingine hukining'iniza kifuani.

"Cha pili nitanunua baadaye," akasema, mkono tayari uko kwenye tochi.

Mama muuza duka akamwambia, "Hiki si chako, kaka. Ni cha mwenzako, akiishiwa hewa huko chini."

"Basi mwenzangu ajinunulie chake."

"Chake yeye ndicho kitakachokuokoa wewe. Na chako kimwokoe yeye."

Lakini mwenzetu alikwisha kuiwasha tochi, anaimulika dari.

Wiki iliyofuata shemeji yake naye akaenda kununua, akamwomba waende wote amsaidie kuchagua. Kijana wa watu akauliza vizuri tu, "Shemeji, mwalimu si alisema lazima tuwe na cha manjano?"

Hapo, wapendwa, alipewa nafasi ya kusema kweli. Ila angeonekanaje, na yeye mwenyewe hana? Roho ilimsuta, akaikalia. Akacheka kwa sauti kubwa, akasema, "Kwani una midomo mingapi wewe? Chukua tochi." Shemeji akacheka pia, akachukua tochi.

Jumamosi wakakodi boti, wakazama wawili peke yao, mwalimu hayupo. Sasa, kule chini si mahali pa kuhangaika, kwa sababu anayehangaika hupumua sana, na anayepumua sana humaliza hewa upesi. Fundi wetu akaenda huku, akarudi kule, kila tundu la mwamba akalimulika. Mshale wa kuonyesha hewa iliyobaki ulikuwa pale pale ubavuni pake. Hakuutazama. Akavuta pumzi, ikaja kwa shida. Akavuta tena, haikuja kitu.

Akamgeukia shemeji yake, akapitisha kiganja shingoni kama walivyofundishwa: sina hewa. Mkono wake ukaruka hadi kifuani kwa mwenzake, mahali panapokaa kipumulio cha manjano. Akakamata tochi. Tochi aliyoichagua yeye mwenyewe! Hapo akaelewa kila kitu, na kuelewa hakumpi mtu hewa.

Niwaulize. Yule kijana angerudi nyuma hatua mbili, nani angemlaumu? Hakurudi. Alivuta pumzi moja, akakitoa kipumulio kinywani mwake mwenyewe, akakitia mkononi mwa shemeji yake. Wakapanda juu taratibu wameshikana mikanda, mmoja anavuta, mwingine anangoja akitoa mapovu, wanapokezana kile kimoja, macho kwa macho, mpaka wakaliona jua.

Botini fundi alikohoa mpaka akalia. "Shemeji, mimi ndiye niliyekukataza."

"Najua."

"Na bado ukanipa?"

"Sasa ulitaka nimrudishie dada tochi?"

Wapendwa, mnacheka, lakini mimi sicheki. Sisi ndio tuliomo dukani. Tunahangaika na geti, na viti vya sebuleni, na nguo ya sikukuu, na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja tulichokichagua kwa ajili ya mwenzetu. Tena tunawafundisha watoto wetu hivyo hivyo: una midomo mingapi wewe? Halafu siku ya kuishiwa inafika, tunanyoosha mkono kwa watu tuliowafundisha sisi wenyewe kutokuwa na kitu.

Yuko aliyetoa pumzi yake mwenyewe kwa ajili yetu, nasi vifua vyetu tukiwa tumevijaza tochi. Sitaki umshukuru kwa wimbo peke yake. Ukitoka hapa, kabla hujafika nyumbani, jipapase kifuani. Jirani yako akinyoosha mkono leo, atashika nini?